Uso Wangu Siku ya Kilio cha Mama Kasweka

Mwanangu, wewe niliyekulea ingawa sikukuzaa, iko siku moja ya ujana wangu inayokataa kunitoka kichwani, na kwa kuwa umeniambia kwamba nawe sasa unataka kuifanya kazi hii ya kuwaandalia watu kodi, nitakusimulia siku hiyo kabla sijakusifu. Wa kukusifu hutawakosa. Watakuambia umesoma, una kompyuta, una kiti cha kuzunguka, na hapa Kolwezi hakuna mwenye duka wala mwenye garaji wala mwenye malori asiyetafuta mtu wa kumwandikia deklarasio yake ya kodi. Ni kweli kabisa, chakula hutakosa. Mimi nataka tuzungumze juu ya nani utakayekula naye.

Nilikuja hapa kutoka Musumba, kule Kapanga, nikiwa na diploma ya biashara ndani ya mfuko wa plastiki na viatu vya marehemu baba yangu vilivyonizidi. Barabara ile wewe unaijua kwa kusikia, mimi niliijua kwa kusukuma lori. Sikuwa na ndugu Kolwezi. Mjomba niliyeelekezwa kwake alikuwa amehama zamani, na majirani zake walinijibu kwa mkato, kama vile nimekuja kudai kitu. Aliyenipokea alikuwa mjane mmoja wa mtaa wa Musonoi, Mama Kasweka, muuza samaki kavu waliotoka ziwa Nzilo. Nilikuwa nimeketi kando ya meza yake sokoni. Samaki sikuwa na uwezo wa kuwanunua, ila palikuwa na kivuli. Akanitazama muda mrefu, halafu akauliza:

"We, mutoto, unangojea nani?"

"Hakuna mutu, Mama."

"Basi beba ile beseni, tuende. Chumba ya nyuma iko bule. Franga utaleta siku utapata kazi. Ila usiniletee balevi mu nyumba."

Nikabeba beseni. Nilikaa katika chumba kile cha nyuma mpaka nikawa mtu mzima. Mama Kasweka alinipikia ugali, bukari yetu, alinigombeza nilipochelewa kurudi, na nilipougua malaria alilala sakafuni kando ya kitanda changu. Nikisema alikuwa mama yangu, sisemi kwa ajili ya heshima tu. Sikuwa na mwingine.

Kazi niliipata kwa baba mmoja, Tata Mutombo, mzee mfupi mwenye kofia, aliyekuwa na chumba chake kilichopakwa rangi ya buluu karibu na soko kubwa. Nje paliandikwa kwamba hapa hutengenezwa deklarasio za kila namna. Nilidhani nitapewa meza na karatasi. Badala yake, wiki ya kwanza yote alinipeleka kukaa katika maduka ya watu, kwenye gunia la chumvi au kreti ya bia, nikitazama tu. "Ona kwanza mutu anauza namna gani," aliniambia. "Karatasi itakuya nyuma."

Nilichukia sana kukaa vile, lakini ndiko nilikojifunza kazi. Niliona kwamba wafanyabiashara wengi huchanganya kilichoingia kwenye droo na faida waliyoipata. Niliona mama mwenye duka akichukua sukari ya rafu akapeleka nyumbani bila kuiandika, na nikajifunza kumuuliza juu ya sukari hiyo bila kumfanya ajione mwizi wa mali yake mwenyewe. Nilijifunza kwamba risiti hukaa ndani ya makopo ya maziwa, chini ya magodoro na katikati ya Biblia, na kwamba lazima uziombe kwa upole, kwa sababu mtu akikuonyesha risiti zake amekuonyesha nyumba yake. Nilijifunza kutofautisha mhuri wa kweli na ule wa wajanja wanaopita sokoni na kofia za serikali wakijifanya watoza ushuru, na kumfundisha muuza nyanya kusimama mbele yao na kuwaambia, "Nilishalipa, tazama hapa." Mwanangu, siku ile muuza nyanya anapoweza kusema maneno hayo bila kutetemeka, hapo umefanya kazi.

Hesabu mbili Tata Mutombo hakuandika. Mteja akitaka ndogo ya kupeleka kwa serikali na kubwa ya kupeleka benki, mzee alichukua kofia yake, akaivaa na kusimama. "Ukitaka bitabu bibili, tafuta batu babili," alisema. "Mi niko mumoja." Na juu ya mdomo alinieleza mapema kabisa: unachokijua juu ya mali ya mtu, hukisemi kwa mke wake, wala kwa ndugu yake, wala kwa padri. Hilo halikunisumbua. Mimi si mtu wa maneno mengi, watu wa kwetu wananijua.

Lakini Mungu alinipa uso huu mkubwa unaouona, usiojua kuficha kitu. Angelani, binti niliyekuwa nikimposa wakati huo, alizoea kunicheka. Alisema hana haja ya kuningoja nifungue mdomo, habari yote imeshafika usoni. Tata Mutombo yeye uso wake ulikuwa umelala siku zote, hata akifurahi hungejua, na nadhani ndiyo maana hakufikiria kunionya.

Sasa nisikilize vizuri. Unajua jinsi tunavyofanya hapa kwetu mtu akifa. Watu huja kwenye kilio, hukaa uani, hulala pale pale nje na wafiwa siku kadhaa, na kila mmoja huleta mchango wake. Ili pasiwe na manung'uniko, mtu mmoja mwenye sauti husimama na kutaja: fulani ametoa hiki, fulani ametoa kile. Wewe uliyezaliwa juzi unafikiri jina likitajwa watu humtazama aliyetoa. Hapana. Kama kuna mtu wa kodi pale uani, wanamtazama yeye. Wanajua kwamba anajua. Akikunja uso, basi aliyetajwa ni bahili. Akiinamisha kichwa kwa huruma, basi aliyetajwa hana kitu. Musonoi nzima ilijua kuusoma uso wa mtu wa kodi, na mimi peke yangu ndiye sikujua kwamba ninasomwa.

Wakati huo nilikuwa na mteja mkubwa niliyekabidhiwa kumshughulikia peke yangu, Tata Mbayo, muuza saruji na mabati kwenye barabara ya Musonoi. Mtu mnene, mcheshi, aliyependa kupiga watu mgongoni. Mali yake alipewa kwa mkopo na mwenye ghala mmoja wa Lubumbashi, akauza, akalipa, akapewa tena. Biashara yake yote ilisimama juu ya kuaminiwa. Mwaka ule ulikuwa mzuri kwake kuliko yote iliyotangulia, watu walikuwa wanajenga kila upande, na deklarasio yake nilikuwa nimetoka kuimaliza kwa mikono yangu.

Ndipo Mama Kasweka akafa. Aliugua muda mfupi tu, akaenda hospitali kwa miguu yake, akarudi amebebwa. Nilikaa mbele kabisa, pamoja na watoto wake wa kuzaa, na wao walinipa nafasi hiyo bila mtu kuuliza. Mchana wa siku ya pili kijana wa kanisa akasimama kutaja michango. Majina yakapita, mimi hata sikuyasikia. Macho yangu yalikuwa yameangukia beseni lake la samaki, limeinamishwa ukutani, mtu amelisugua likawa safi. Harufu ya samaki haikuwepo tena. Hapo nikapasuka, mwanangu. Nililia kwa sauti, mabega yakitikisika, kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Na jina lililokuwa limetoka kutajwa dakika ile lilikuwa la Tata Mbayo.

Kesho yake asubuhi, kwenye bomba la maji, Angelani aliwasikia wanawake wawili wakizungumza. "Mutu wa kodi alilia wakati banasema jina ya Mbayo," mmoja alisema. "Ule mutoto anajua byote. Mbayo amekwisha." Angelani alikuja mbio kuniambia, na mimi nilicheka. Nilidhani ni upuuzi wa bombani, utakauka pamoja na matope yake.

Haukukauka. Watu waliokuwa wamelipia mabati nusu wakaja kutaka nusu yao. Wapagazi wakataka kulipwa kila jioni badala ya mwisho wa wiki. Halafu mwenye ghala wa Lubumbashi akapiga simu, akasema kwa adabu nyingi kwamba safari hii angependa kuona pesa kwanza ndipo apakie. Duka lililojaa mpaka mlangoni likaanza kuonyesha ukuta wake wa nyuma. Tata Mbayo akaja ofisini kwetu akiwa amekonda uso, na mzaha wote umemtoka.

"Kalend," aliniambia, "we ndo ulinilia mbele ya batu. Basi simama ku soko, sema neno moya tu: Mbayo iko muzima."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kukimbia kwenda sokoni saa ile ile. Tata Mutombo akanikamata mkono.

"Hapana," alisema. "Leo akisema Mbayo iko muzima, kesho batamuuliza juu ya mwingine. Siku atanyamaza, ule mwingine amekufa."

"Na miye, Tata?" Mbayo alimuuliza. "Miye nikufe?"

Nakuambia ukweli, niliona Tata Mutombo ana haki na niliona Tata Mbayo ana haki, na moyo wangu ukauma pande zote mbili. Nilikaa na jambo hilo mpaka kichwa kikachemka. Mwishowe nikaona kwamba siri ile haikuwa yangu wala ya Tata Mutombo. Ilikuwa ya Tata Mbayo mwenyewe. Mimi siwezi kuifungua, lakini yeye anaweza kuifungua kwa amtakaye. Nikamwandalia kila kitu, mauzo, deni alilolipa, kodi alizolipa, mhuri juu ya mhuri, kwa namna ambayo mtu asiyesoma sana angeelewa, nikamfundisha kueleza ukurasa kwa ukurasa. Akapanda basi kwenda Lubumbashi na kuvitandaza mbele ya mwenye ghala. Yule bwana akakubali kupakia tena, lakini nusu ya alivyopakia zamani. Duka halikufa. Lilibaki dogo, na Tata Mbayo hakuwa tena mtu mkubwa wa barabara ile. Alinilipa kazi yangu yote, akanishukuru kwa maneno machache, akapeleka mambo yake kwa mwandikaji mwingine.

Alipoondoka, Tata Mutombo akanikalisha chini.

"Unajua ulikosa wapi?"

"Nililia, Tata."

"Kulia haina mubaya. Ulikalia mbele wakati banataja muchango, ndo mubaya. Siku ingine ukisikia banaanza, simama, enda pasula kuni, enda chota mayi. Bakimaliza, urudie ukae na batu."

Ni hayo tu aliyosema, mwanangu. Kama ningeyasikia yote, maisha yangu yangekuwa mengine. Lakini mtu mwenye hofu husikia nusu. Mimi nilisikia "simama, enda." Ile sehemu ya kurudi na kukaa ilipita pembeni ya sikio langu.

Nikaacha kukaa na watu. Kwenye kilio nilifika mchana, nikashika mikono ya wafiwa, nikaondoka kabla jua halijateremka. Mchango nilimpa Angelani, ambaye tulikuwa tumeshaoana, aupeleke kwa jina lake. Kwenye harusi nilikula haraka nikaaga. Hata Tata Mutombo alipokufa, mzee aliyenipa kazi, na mwishowe kofia yake, sikulala uani kwake. Watu waliniachia njia kwa heshima. "Tata wa kodi iko na kazi mingi," walisema, na mimi nikapenda kusikia hivyo. Niliona nimekuwa mtu mkubwa.

Ilinichukua muda kutambua kwamba ule ulikuwa upweke. Nikiingia mahali watu wanapokunywa, mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Jirani akinunua pikipiki, ananiambia kabla sijamuuliza kwamba amepewa na kaka yake. Mwingine akiezeka nyumba anaanza kulalamika juu ya ugonjwa. Walinisalimia wote, vizuri sana, kwa mkono kifuani. Lakini hakuna aliyesema, "Kuya ukae." Jioni nilikaa mlangoni kwangu nikitazama vumbi la malori ya madini likishuka polepole, nikisikia vicheko vya ua wa pili, na nikajua kwamba nikipita pale vitakoma. Wakati fulani nilipita makusudi, nione. Vilikoma.

Na Musonoi yenyewe ikaanza kupungua. Mashimo ya madini yalisogea karibu na nyumba, baruti zikapasua kuta, familia zikapewa kitu kidogo na kuhamishwa kwenda mbali. Waliobaki walizidi kushikana wao kwa wao. Mimi nilikuwa na Angelani tu. Yeye alikwenda kwenye kila kilio na kila ubatizo, akarudi usiku na habari, akaketi kitandani akanisimulia nani alicheza vipi na nani aligombana na nani. Nilicheka sana kwa masimulizi yale. Nilijiona nami nilikuwepo.

Halafu Angelani akafa.

Sitakueleza ugonjwa wake, si kazi ya leo. Watu walikuja wengi, siwezi kusema uongo. Kwaya ya akina mama iliimba mpaka sauti zikakauka. Nilikuwa nimenunua kuni za kutosha, nimekodi viti na maturubai, mwanangu wa kuzaa amekuja kutoka Likasi anakokaa. Lakini michango haikutajwa. Kila mtu alimwita kijana wangu huyo pembeni na kumpenyezea kitu mkononi, kimekunjwa, kisha akaangalia kama nimeona. Waliogopa majina yao yatajwe mbele yangu. Na jua lilipoanza kuteremka, mmoja akasimama na kukung'uta suruali yake. "Tata, pole sana. Tutaonana kesho." Akafuata wa pili. Akina mama wakakusanya vitenge vyao. Kabla giza halijaingia, ua ulikuwa umebaki na viti vya kukodi na kijana wangu na mimi.

Nilikasirika, tena vibaya. Nilisema kwa sauti, kijana wangu akinisihi ninyamaze, kwamba hawa ndio watu ambao nimewaandikia nusu ya maisha yangu, nimewakinga na watoza ushuru wa uongo, nimewatunzia siri zao mpaka mgongo umepinda, na leo Angelani wangu hawawezi kumpa hata usiku mmoja.

"Unakasirikia nani?"

Niligeuka. Kwenye pembe ya ua, ukutani, alikuwa ameketi mzee mmoja ambaye sikuwa nimemwona mchana kutwa. Alikuwa Tata Mbayo. Unene wote umekwisha, miguu imevimba, fimbo iko katikati ya magoti. Tulikuwa tumesalimiana kwa mbali miaka yote hiyo bila kukaa pamoja hata mara moja.

"Batu, Tata," nilimjibu. "Banaenda."

"Banakufwata weye. Ku kilio ya bibi yangu ulifika, ukanipa mukono, ukaenda. Ku kilio ya mutoto wa jirani Kapend, vile vile. Balizani ndo desturi ya kwako. Banakupa heshima yako."

"Nilikimbia batu sababu yako, Tata Mbayo," nikamwambia. "Juu machozi yangu ilikuletea hasara. Nilisema nisiharibie mutu mwingine."

Alinitazama kama mtu anayesikia habari za kijiji asichokijua.

"Miaka yote ile ulizani ninakukasirikia juu ya machozi? Machozi ilikuwa ya Kasweka. Nani hajui? Mi nilikasirika juu haukukuya. Duka ilikuwa inakufa, batu banapita ngambo ingine ya barabara. Ulinitengenezea karatasi, muzuri sana, aksanti. Lakini kukuya kukaa na miye ku mulango, tukunywe chai, haukukuya. Sikutafuta tena mutu wa kunisemea. Nilitafuta mutu wa kukaa naye."

Nililia, na safari hii nilimlilia Angelani, na Tata Mbayo hakunitazama wala hakuniambia ninyamaze. Alivuta kiti chake karibu na moto, kwa shida, akakiweka kando ya changu. Alibaki mpaka asubuhi, na miguu yake ile. Kesho yake majirani walipoona amelala pale, wawili wakabaki, kisha wanne, kisha mtu akaleta kahawa.

Basi, mwanangu, nimefika kwenye neno langu. Utajifunza sheria, na zitabadilika, utajifunza mpya. Kompyuta itakuonyesha mahali pa kuandika nini. Siri utaitunza, nina hakika, kwa sababu nimekulea. Ninachoogopa ni kwamba utaitunza kama nilivyoitunza mimi, kwa kuwakwepa wenye siri hizo. Usifanye hivyo. Nilidhani mtu wa kodi akikaa na watu atafichua mambo yao. Anafichua pale tu anapochagua, akiketi kwa anayepanda na kumkwepa anayeshuka. Wewe kaa na wote. Nenda kwa mwenye duka lililojaa na kwa mwenye duka lililofungwa, kunywa chai yao hiyo hiyo, na kuketi kwako hakutamwambia mtu chochote isipokuwa kwamba wewe ni mwenzao. Wakianza kutaja michango, fanya alivyosema Tata Mutombo, kapasue kuni, kachote maji. Lakini rudi. Nakuomba, rudi, uketi, ulale pale na vumbi lao.

Sitakudanganya kwamba mimi nimepona. Miezi michache iliyopita alikufa kijana mmoja mchimbaji kutoka Kasai, asiye na ndugu hapa, na rafiki zake wachache walikuwa wamejikunyata kwenye ua wa kukodi. Nikaenda na blanketi langu. Waliponiona wakaanza kuzungumza juu ya mpira, kama kawaida. Nikawaambia sijui hata jina la mchezaji mmoja, wanieleze. Wakanieleza mpaka wakasahau mimi ni nani. Katika umri wangu huu hiyo inatosha kunilaza vizuri, lakini wewe una miaka mingi mbele, na sitaki utosheke na kidogo hivyo.

Nenda basi, mwanangu, kafungue meza yako. Mungu aupe mkono wako usahihi na mdomo wako utulivu. Akujalie wateja waaminifu, na mwenzi wa kucheka naye jioni. Na siku ya majonzi yako, ambayo mimi sitakuwepo kuiona, akujalie ua uliojaa watu wanaoambiwa waende nyumbani wakalale, na wanakataa.